Mnatuchosha na Misemo Yenu

Hivi nani aliwaambia watu wa huku kwamba DMV ni mji? Kila mwaliko wa harusi unaoingia kwenye simu yangu unasema "Watanzania wa DMV mnakaribishwa". Eti District, yaani jiji la Washington, Maryland na Virginia. Haya. Lakini sehemu nyingi za Marekani DMV ni ofisi ya leseni za udereva, na mpwa wangu, mgeni kutoka Tanga, alidhani tumealikwa na trafiki. Tena sisi wa Silver Spring tuko Maryland, ambako hata ofisi hiyo haiitwi DMV, inaitwa MVA!

Vijana wa Washington nao wana "jont". Kiatu ni jont, gari ni jont, wali ni jont. "Anko, nipasie hiyo jont." Ipi, na meza nzima imejaa vyombo? Msiniambie na sisi tuna "nanihii". Nanihii ni ya mtu aliyesahau jina la kitu. Hawa hawajasahau, wamegoma.

Kwenye mikutano ya jumuiya yetu, mtu hamalizi sentensi mbili bila "mwisho wa siku". Mkutano umeitishwa saa nane, umeanza saa kumi na nusu. Mwisho wa siku upi tena, ndugu mwenyekiti? Si ndio huu tumeufikia?

Yote hayo nayavumilia. Kisichovumilika ni "siksi seveni". Imetoka kwenye wimbo wa rapa Skrilla, maana haina, na bado Dictionary.com wakaipa cheo cha neno la mwaka 2025. Tarakimu! Mtoto akisikia sita na saba zimefuatana kwa Kiingereza, anakunjua viganja, kimoja kinapanda kingine kinashuka, kama mama anayepima nyanya sokoni, na ukelele juu. Kwangu siku hizi hata maandazi hayahesabiki.

Nikaona dawa ya wanangu ni kuhesabu kwa Kiswahili. Tano, sita, saba, nane. Kimya! Nikajipongeza, maana mama yao kawabembeleza miaka wajifunze namba hizo, hawataki.

Jumamosi wakaja wenzao, watoto wa Kikenya na wa Kikongo. Nikaanza kugawa soda huku nahesabu. Nimefika sita tu, sebule nzima, na wangu ndio wanaongoza, viganja hewani:

"Sita sabaaa!"