Mhadhara wa Ducati kwa Wakazi wa Umoja

Wakazi wa Umoja, Kayole, Donholm na Dandora, nanyi waendesha bodaboda mliozima Boxer zenu kwa heshima yangu, tulieni. Leo naeleza kwa nini pikipiki ya mbio kutoka Italia huuzwa kwa bei ya ploti Ruai. Nimeteuliwa na kamati ya wajuzi, kamati ambayo, kwa kulinda ubora wake, ina mwanachama mmoja. Hoja yangu ni moja, na haijawahi kushindwa kwa kuwa haijawahi kusikilizwa: bei hiyo inatokana na damu. Mwitaliano huzaliwa na mwendo moyoni, na moyo hauuzwi kwa bei ya nduthi.

Ushahidi wa kwanza ni historia. Ducati ilianzishwa Bologna mwaka 1926, na tangu siku hiyo tukufu ikatengeneza vipuri vya redio. Lisiwasumbue hilo, ubingwa hauna haraka, nitazameni mimi. Zamu ya magurudumu ilifika baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa injini iitwayo Cucciolo, yenye cc 48, iliyofungwa kwenye baiskeli. Hata Boxer ndogo kabisa inaipita mara mbili, na naomba waendeshaji waache kupiga honi. Injini yenyewe ilibuniwa Turin, kwa watu wengine. Damu husafiri.

Ushahidi wa pili ni vali. Katika injini ya kawaida vali hufungwa na springi. Mwaka 1956 mhandisi Fabio Taglioni aliipa Ducati ya mbio mtambo wa desmodromiki, ambamo vali hufunguliwa na kufungwa kwa vyuma, ili isichelewe injini inapozunguka kwa kasi. Kuipima vali hiyo kunataka fundi mwenye subira, na subira ya fundi hulipiwa kwa saa. Natamka kwamba siri ya bei imelala hapo. Mpinzani wa kiti cha nyuma, ambaye hakosekani, atauliza mbona Ducati yenyewe imerudisha springi kwenye Multistrada V4, na ukaguzi wa vali ukasogezwa hadi kilomita 60,000. Jibu langu ni kwamba hawakunishirikisha.

Wapo pia wachumi wa vibandani wenye maelezo mepesi. Wanadai kwamba mwaka 2024 Ducati iliuza pikipiki 54,495 duniani kote, huku Bajaj, waundaji wa Boxer, ikiuza mamilioni kila mwaka. Kwamba gharama ya kubuni injini, kuijaribu na kushindana kwenye mbio za MotoGP haina budi kugawanywa kwa wanunuzi hao wachache, kila mmoja abebe fungu nono. Wanaongeza kwamba Superleggera V4 ya mwaka 2020 zilitolewa 500 tu, fremu na magurudumu yake ni ya nyuzi za kaboni, kila moja ina namba yake, na bei ilikuwa takriban dola 100,000. Anayelipa hapo analipia uchache. Zikifika Mombasa, ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 16 hukokotolewa juu ya bei hiyo, nao huota kitambi. Hoja hii ina takwimu, ina mantiki, na mtoto wa darasa la nne anaielewa. Ndiyo maana naikataa. Jambo likieleweka na kila mtu, mtaalamu atakula wapi?

Narudi kwenye damu. Wanasema tangu 2012 Ducati ni mali ya Audi, Wajerumani. Wanasema ina kiwanda Thailand. Wanasema bingwa wake wa kwanza wa MotoGP, mwaka 2007, alikuwa Casey Stoner wa Australia. Nayakubali yote: damu hii ina nguvu hata humgeuza mgeni kuwa Mwitaliano bila yeye kujua. Kuhusu MV Agusta, pikipiki nyingine ya Italia, ambayo mwaka 2022 iliuza sehemu ya hisa zake kwa KTM ya Austria, kampuni ambayo Bajaj walikuwa wabia wake, sitasema lolote, hasa mbele ya watu wenye Boxer.

Pingamizi la mwisho ni la matumizi. Kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa, na gia ya kwanza tu ya Ducati Panigale V4 hupita 100. Mitaa yetu ina matuta. Chombo hicho hakibebi gunia la sukuma wiki wala abiria watatu. Kweli tupu. Lakini kitu chenye kazi hupangiwa bei na kazi yake. Kisicho na kazi hupangiwa bei na fahari ya mnunuzi, na fahari haina dari. Samahani, hilo limeniponyoka, lifutwe kwenye kumbukumbu.

Nahitimisha: ni damu. Anayetaka sababu nyingine amuulize fundi yeyote wa Kariobangi Light Industries. Atamweleza kwa dakika mbili, bure. Mimi natoza.