Namna ya Kumpigia Magoti Kidukari

Kabla ya lenzi, hodi. Huku Kishapu ukionekana umepiga magoti kwenye pamba ya mwenyewe, kioo mkononi, macho chini, kijiji kizima kitajua umeokota almasi. Tuna mgodi wa Mwadui, uliogunduliwa na Williamson mwaka 1940. Tuna na Maganzo, ambako vijiwe hukaguliwa kwa lenzi ya kukunja inayokuza mara 10. Basi mwahi mwenye shamba: "Shikamoo mzee, nimefuata wadudu mafuta, hawa vidukari." Atacheka mpaka akae chini, kisha atakupeleka kwenye jani lenyewe.

Sasa picha. Kamera ndogo ukishaivuta zumu haioni karibu, ndiyo maana unaibandika lenzi ya kukuza mbele. Soma namba iliyo ukingoni, ugawe sentimita 100 kwa hiyo namba: +4 inataka sentimita 25 hivi kutoka lenzi hadi mdudu, +10 inataka 10. Hapo ndipo pako. Rudi nyuma kidogo uone ukungu mtupu. Zumu ivute mpaka mwisho, la sivyo utapata pembe nyeusi na kidukari kama nukta. Lenzi mbili ukizipanga, namba zinajumlishwa. Ya tatu iache mfukoni, itakuchafulia picha kwa michirizi ya zambarau.

Nenda alfajiri, upepo haujaamka. Panapotoka pakali ni milimita chache tu, kwa hiyo bana viwiko mbavuni, shika pumzi, usogeze kiwiliwili polepole kama anayetunga uzi kwenye sindano. Taa ya kamera izime, maana lenzi itaikinga na kumtupia mdudu kivuli. Karatasi nyeupe ya daftari ikirudisha mwanga wa jua inatosha kabisa.

Sasa geuza jani. Kidukari amechomeka mdomo wake kwenye mshipa, na nyuma yake kaninginiza tone la maji matamu. Tone hilo ndilo linaloling'arisha jani kama lililopakwa mafuta, na likidondokea pamba iliyopasuka, nyuzi zinanata. Usiondoke bado. Pembeni yake tafuta kidubwana cheusi chenye miiba na mabaka ya njano, sura ya kutisha: ni buu la yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, na yuko mezani, anawala vidukari mmoja mmoja.

Picha hiyo mwonyeshe mzee kabla hajabeba bomba la dawa. Mpe kamera aishike mwenyewe. Atakutaka umgeuzie na jani la pili.