Jinsi ya Kufufua GPA Iliyokata Roho

Matokeo ya mwaka wa kwanza yakishatoka, na wewe ndiye yule aliyeagwa kwa maombi na keki kwamba anakwenda kusomea udaktari, anza kwa kutafuta mchawi. Chuo cha Marekani kina wachawi wa kutosha: profesa wa kemia asiyeeleweka anachosema, mwenzako wa chumbani anayekoroma, baridi ya Minnesota, chakula cha kantini kisichojua pilipili. Waorodheshe wote. Usimtaje kabisa yule aliyekuwa akifungua kitabu saa sita ya usiku wa kuamkia mtihani. Huyo mnafahamiana, na si vizuri kumchongea.

Kisha chukua kikokotoo ujiumize. Tuseme krediti 30 za mwaka wa kwanza zimekupa GPA ya 2.6, na zimebaki 90. Ukipata A tupu katika zote, bila kuteleza hata kwenye lile somo la muziki ulilochukua upumzike, utahitimu na 3.65. Wastani wa wanaopokelewa shule za udaktari za MD unazidi 3.7. Hapa ruksa kulia. Ukishapangusa machozi, kumbuka kwamba wastani una watu chini yake, na watu hao nao wamevaa makoti meupe.

Kama hesabu hiyo haikupendezi, ingia kwenye ujanja. Unaopendwa kuliko wote ni kurudia somo kimyakimya kwenye chuo kidogo cha jirani, upate A, halafu ile C uizike. Mpango mzuri, ila AMCAS, mfumo ambao shule nyingi za MD hupokelea maombi, unadai transkripti ya kila chuo ulichokanyaga, na alama zote mbili zinaingia kwenye hesabu. Zamani shule za DO, za udaktari wa osteopathia, zilikuwa na huruma: alama mpya ilifuta ya zamani. Huruma hiyo ilikoma 2017, umechelewa kuzaliwa. Imebaki Texas. Huko mkazi wa jimbo anaweza kuomba masomo yaliyotimiza miaka 10 yasihesabiwe. Kwa hiyo hamia, tafuta kazi, ngoja muongo mmoja upite. Ila sheria hiyo haichagui: inafagia C pamoja na zile A mbili ulizokuwa unajivunia.

Wengine husema, "Nitafidia kwenye MCAT." Sawa. Alama za mtihani huo wa kuingilia shule za udaktari zinaanzia 472 hadi 528, nafasi ya kung'ara ipo. Ila aliyelemewa na kemia ya muhula mmoja atakutana na kemia hiyo hiyo, fizikia, biolojia na saikolojia siku moja, kuanzia asubuhi mpaka mchana umemwishia. Na kubahatisha kuna kikomo: mara tatu kwa mwaka, saba kwa maisha yote.

Ukishindwa kabisa, ndipo ufanye lile jambo la aibu ambalo wanafunzi hulikwepa kama deni. Nenda ofisini kwa profesa, zile saa alizozitenga kwa ajili yenu, ambazo mara nyingi anazimaliza peke yake na kahawa iliyopoa. Nenda na karatasi ya mtihani yenye wino mwekundu. Atakuonyesha swali la nne: ulilinganisha gramu na gramu kabla ya kuzigeuza kuwa moli, na kila mstari uliofuata ukapotea njia kwa nidhamu kubwa. Miezi mitatu ulikuwa unajiuliza kama una akili, kumbe umekosa mstari mmoja. Inaudhi.

Muhula unaofuata punguza mzigo, na huo urais wa umoja wa wanafunzi wa Afrika Mashariki mwachie mwingine. Nyama choma itaiva bila wewe. AMCAS huonyesha GPA ya kila mwaka kivyake, hivyo wanaosoma maombi wataona 2.6, kisha 3.5, kisha 3.8, na hadithi hiyo wanaielewa bila kuandikiwa insha ya machozi. Ikibidi, ongeza mwaka wa masomo ya sayansi baada ya shahada. Wanaofanya hivyo ni wengi, na hakuna anayewauliza umri wao kliniki.

Imebaki familia, na hapa hakuna kitabu kinachosaidia. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo jina lako lilishabadilishwa tangu ulipopanda ndege. Simu italia alfajiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, daktari wangu. Hivi hizi dawa za presha, siwezi kuzipumzisha kidogo?"

"Usiziache, shangazi. Nenda hospitali ukamuulize daktari."

"Si ndiyo nakuuliza?"