Namna ya Kuponya Gari Linalomisi Ukiwa Kwako Skuta

Asubuhi ya Julai ukungu umelalia mabati ya Skuta, hapa Nyeri, na gari lako linaamka kama mzee aliyekatizwa usingizi. Linakohoa, linatetemeka, linakohoa tena. Ukikanyaga mafuta linakwenda kama ng'ombe mwenye mguu mmoja mbovu. Hiyo ndiyo kumisi. Gereji usiende. Gereji ni ya watu wasio na boneti.

Boneti yenyewe basi ifungue. Si kwamba utaona chochote. Kwenye Probox utaona plastiki nyeusi na vumbi. Unaifungua kwa sababu boneti iliyo wazi ni baragumu. Kabla hujapata pa kushika watakuwa wamefika vijana wawili wa boda, mwalimu mstaafu wa jirani, na bwana fulani aliyekuwa anapita tu na mtungi wake wa maziwa. Boda watasema petroli imechanganywa na mafuta taa. Mwalimu atasema plagi. Mwenye maziwa atatazama upande wa Mlima Kenya, avute pumzi, aseme hapa tuko juu mno, hewa ni nyepesi, gari linakosa pumzi.

Usiwacheke, kila mmoja ana chembe ya ukweli. Mafuta taa yalitiwa sana kwenye petroli na dizeli hata mwaka 2018 serikali ikayawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita ili uchakachuaji usilipe. Na Nyeri kweli iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ila gari la siku hizi linapima hewa lenyewe na kupunguza mafuta kulingana nayo. Mwenye maziwa alikuwa anaitibu vizuri kabisa Peugeot 504 ya baba yake, ile ya kabureta.

Baada ya ushauri, nunua vitu. Hii ndiyo hatua inayopendwa kuliko zote, na mimi niliifuata kwa bidii. Nilinunua plagi 4, kwa kuwa mwalimu amefundisha nusu ya mtaa na hakuna anayembishia. Kijana mmoja wa boda akazifunga bila kusema kitu, gari likamisi. Nikanunua filta ya hewa. Likamisi, sasa kwa hewa safi. Nikaletewa pampu ya mafuta iliyotolewa kwenye gari lingine, yenye historia ndefu kuliko yangu. Likamisi hadi jioni. Siri ya mbinu hii ni kubadilisha vitu vingi kwa mpigo, ili hata gari likipona usijue kilichokuwa kinaliuma.

Ukiishiwa pesa, na hapo pekee, tumia akili. Silinda haitaki makuu: hewa, mafuta, mgandamizo, na cheche inayofika kwa wakati wake. Kinachomisi kimekosa kimojawapo. Azima kile kidude cha kusoma kompyuta ya gari, kichomeke chini ya usukani. Kikikuandikia P0300, silinda zinamisi ovyo bila mpango, kwa hiyo shuku kitu kinachozigusa zote, kama mafuta au hewa inayovuja. Kikisema P0302, silinda ya 2 imejishtaki yenyewe.

Zima injini. (Wazee wa zamani walichomoa waya injini ikinguruma, wakarushwa, wakasimulia. Koili inatoa maelfu mengi ya volti. Masimulizi hayo waachie wao.) Hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, ya 3 irudi ya 2. Futa kosa, washa, subiri. Kosa likihamia P0303, mwizi ni koili. Likibaki pale pale, fanya vivyo hivyo kwa plagi. Ni jambo moja kwa wakati mmoja, na halihitaji hata shilingi, ndiyo maana watu hawalipendi.

Na taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, acha kulikimbiza gari, hata kama umechelewa Karatina. Petroli isiyoungua inashuka hadi kwenye kichujio cha moshi na kuungulia humo, na ndani yake mna platini. Mgandamizo nao ukiwa ndio umepungua, funga boneti kwa heshima, umwite fundi.

Langu halikufika huko. Nilipong'oa koili ya silinda ya 2 ilitoka na mlio wa kizibo cha chupa, na chini yake, katika kile kisima plagi inamokaa, maji. Siku mbili kabla nilikuwa nimemlipa kijana anioshee injini ing'are, naye akaing'arisha kwa mpira wa maji uliofunguliwa hadi mwisho. Cheche, badala ya kuruka penye nafasi yake, ilikuwa inateleza nje ya kauri ya plagi na kuishia kwenye chuma.

Yakikukuta, kausha kisima kwanza kwa upepo au kitambaa, ndipo ufungue plagi. Ukiifungua mapema, maji na mchanga vinaingia kwenye silinda. Injini iwe imepoa. Unapoirudisha plagi, ianze kwa vidole hadi ishike uzi wake, kisha ikaze kwa nguvu ya kifundo, si ya bega. Kichwa cha injini ni aluminiamu, hakisamehi. Kisima kikiwa na oili badala ya maji, tafuta gasketi ya tapeti kava.

Nilikausha, nikarudisha, nikawasha. Likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mwalimu alisimama kwenye ua wake, mikono nyuma, akasikiliza dakika nzima.

"Si nilikwambia ni plagi?"

Nikasema ndiyo, mwalimu, zilikuwa plagi.