Barua ya Wazi kwa IEBC: Ombi la Kumtambua Rasmi Mgombea Mshtakiwa

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Nairobi.

KUH: NAFASI YA KESI KATIKA KAMPENI ZA UCHAGUZI

Mgombea mshtakiwa ni raia anayewania cheo akiwa na vitu vinne: kadi ya mpiga kura, cheti cha uteuzi wa chama, wakili, na tarehe ya kutajwa kwa kesi. Viwili vya kwanza hudaiwa na sheria. Viwili vya mwisho havidaiwi na yeyote, lakini kampeni za Kenya tangu 2013 zimeonyesha kwamba mwenye navyo hapungukiwi kitu.

Makao yake kisheria ni Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, vifungu vya 73 hadi 80, ambavyo vinasema uongozi ni amana ya wananchi na vinamtaka afisa wa serikali awe mtu mwadilifu. Mwaka 2012 ilitungwa Sheria ya Uongozi na Uadilifu ili kuipa sura hiyo meno. Mswada ulipitia kwanza kwa baraza la mawaziri, kisha kwa Bunge, yaani kwa watu wale wale waliotarajiwa kuumwa, na ukatoka huko kibogoyo. Kilichosalia kwa mwaniaji ni fomu ya kujitangaza: anaulizwa kuhusu uadilifu wake mwenyewe, naye anajibu. Majibu, kama inavyotarajiwa, huwa mazuri.

Hata hivyo ni makosa kudhani kwamba Sura ya Sita haifanyi kazi. Hufanya kazi sana kwa wasiogombea. Kijana anayeomba ukarani serikalini hutakiwa kuleta cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho kwa miaka mingi kimelipiwa shilingi 1,050, pamoja na barua ya mamlaka ya ushuru KRA, ya bodi ya mikopo ya wanafunzi HELB, ya kampuni inayokagua historia ya mikopo, na ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Tangazo la kazi hueleza wazi kwamba hayo ni matakwa ya Sura ya Sita. Akiwa na deni la HELB ambalo hajalipa kwa kukosa kazi, atakosa kazi ambayo ingemwezesha kulilipa. Karani huchunguzwa kabla hajagusa faili. Anayetaka kushika bajeti ya kaunti nzima huchunguzwa akishaapishwa, kama atachunguzwa. Mantiki yake inaeleweka: makarani ni wengi, na lazima wachujwe.

Mfano mkuu wa mgombea mshtakiwa ulianza 15 Desemba 2010, pale mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), Luis Moreno-Ocampo, alipowataja Wakenya sita kuhusiana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Ghasia hizo ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafurusha makwao zaidi ya laki sita. Miongoni mwa sita hao walikuwemo Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao katika uchaguzi huo walikuwa katika kambi hasimu. Mtu wa kawaida akiitwa na mahakama hujificha kwa aibu. Hawa waliporudi kutoka The Hague Aprili 2011, baada ya kufika mbele ya majaji kwa mara ya kwanza, walipokewa kwa mkutano wa hadhara Uhuru Park, na kufuatiwa na mikutano ya maombi iliyofanana sana na kampeni. Januari 2012 mashtaka yalithibitishwa dhidi ya washukiwa wanne. Kufikia mwisho wa mwaka huo, wawili kati yao walikuwa wameungana kuwania urais na naibu wake chini ya muungano wa Jubilee. Kesi mbili zilizowaweka pande mbili za mapigano zikazaa tiketi moja. Wapatanishi wa kulipwa hawajawahi kufanya kazi safi kama hiyo.

Namna kesi inavyoleta kura haina ugumu. Shtaka likitajwa, husemwa jukwaani kwamba wanatumalizia mtu wetu. Jamii nzima hujiona kizimbani, waliouawa na waliofurushwa hutoka kwenye mazungumzo, na kura hugeuka kuwa dhamana ya mshtakiwa. Katika mdahalo wa wagombea urais wa 11 Februari 2013, Kenyatta aliieleza kesi yake kuwa changamoto binafsi. Mpinzani wake, Raila Odinga, akasema itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Siku nne baadaye majaji watano wa Mahakama Kuu walilitupa ombi la kuwazuia Kenyatta na Ruto kugombea, wakisema masuala ya uchaguzi wa rais ni ya Mahakama ya Juu, na hiyo kwa kawaida hulisikiliza shauri la urais baada ya mshindi kutangazwa. Tarehe 4 Machi Kenyatta alishinda kwa asilimia 50.07. Suala la Skype nalo lilipata jibu 8 Oktoba 2014: Rais alipokwenda kuitika mahakamani, alimkabidhi Ruto mamlaka kwa muda, hivi kwamba mshtakiwa wa kesi moja alimwachia nchi mshtakiwa wa kesi nyingine. Hakuna kitabu cha uraia kilichokuwa kimeitayarisha shule yoyote kwa somo hilo.

Kesi ya Kenyatta iliondolewa Desemba 2014 kwa upungufu wa ushahidi, upande wa mashtaka ukiilaumu serikali kwa kutoshirikiana. Ya Ruto ilikatizwa Aprili 2016 bila kumtangaza kuwa hana hatia, huku jaji mmoja akitaja kuingiliwa kwa mashahidi. Hakuna hata mmoja aliyepatikana na hatia, na hilo lazima lisemwe.

Mwaka 2022 mambo yalikuwa ya nyumbani zaidi. EACC iliipelekea Tume majina ya wawaniaji 241 waliokuwa na doa la uadilifu, na Tume ikawaidhinisha walio wengi. Haikukosea kisheria. Kifungu cha 99 cha Katiba kinasema mtu hazuiwi kugombea ubunge mpaka njia zote za rufaa ziishe, na sharti hilo hilo humfaa mwania urais. Kwa hiyo kazi imegawanywa vizuri: EACC huchunguza lakini haizuii, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hushtaki lakini haidhinishi, Tume huidhinisha lakini haihukumu, na mahakama huhukumu, kisha hukumu hukatiwa rufaa. Tarehe 28 Julai, siku 12 kabla ya uchaguzi, Mahakama Kuu iliamuru mwaniaji wa unaibu rais, Rigathi Gachagua, aiachie serikali shilingi milioni 202, ikisema zilitokana na ufisadi. Alidai kuonewa, akaendelea na kampeni, na 13 Septemba akaapishwa kuwa Naibu Rais. Novemba, kesi yake ya jinai iliyohusu zaidi ya shilingi bilioni 7 iliondolewa na upande wa mashtaka. Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa madarakani, na ameshatangaza nia ya kuwania urais 2027.

Anayetaka kujua jinsi mtu anavyoweza kuzuiwa amtazame Mike Sonko. Alivuliwa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, akahamishia matumaini yake Mombasa, na 15 Julai 2022 Mahakama ya Juu ikaitupilia mbali rufaa yake ya mwisho. Kosa lake la kimkakati ni kwamba rufaa yake iliisha kabla ya siku ya kura.

Sharti la rufaa lina sababu ya heshima. Kifungu cha 50 kinamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia, na nchi ambayo wapinzani wake waliwahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa haiwezi kuiachia serikali uwezo wa kumng'oa mpinzani kwa karatasi ya mashtaka tu. Tatizo liko kwenye saa. Katiba inaitaka Mahakama ya Juu iamue shauri la urais ndani ya siku 14, na mashauri ya wabunge yaamuliwe ndani ya miezi sita. Kujua nani ameshinda kuna haraka. Kujua kama alistahili kugombea hakuna tarehe ya mwisho, ingawa sheria ya 2003 dhidi ya ufisadi inataka kesi za aina hiyo zisikilizwe siku baada ya siku kadiri inavyowezekana. Haijawezekana sana.

Kwa kuwa hali ni hiyo, Tume inaombwa iipe hadhi yake. Fomu ya uteuzi iwe na nafasi ya namba ya kesi. Chini ya picha kwenye karatasi ya kura iandikwe tarehe ya kufika mahakamani, ili mpiga kura asimchague mtu atakayekuwa na shughuli siku ya kuapishwa. Ratiba ya kampeni na ya mahakama zioanishwe, maana ni ufujaji kukodi helikopta mbili.

Na iwapo makamishna walioapishwa Julai 2025, baada ya Tume kukaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna, wataona maombi hayo ni mazito, yapo mawili mepesi. Tume ichapishe, kabla ya kuidhinisha yeyote, orodha ya kesi za kila mwaniaji na hatua ambayo kila moja imefikia. Pia iliandikie Bunge ikitaka kesi na rufaa za wawaniaji ziwekewe ukomo wa siku, kama zilivyowekewa kesi za matokeo. Uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027, na Bunge litakaloombwa ni hili lililopo.

Wako mwaminifu,
Mpiga kura aliyesajiliwa, asiye na kesi wala tiketi.