Mpangaji wa Barazani

Nyumba yetu hapa Tanga ina kamba mbili za kuanikia nguo. Ya uani imefunikwa na mwembe, nguo hazikauki zikakauka. Ya barazani inapata jua na upepo wa bahari. Ndege aitwaye chozi akaichagua ya barazani.

"Baba Zuhura, hizi takataka ni za nani?" mke wangu akauliza.

Takataka zenyewe zilikuwa kifuko cha nyasi na majani makavu, kimeshikizwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni, na juu ya mlango kijibaraza cha kukinga mvua. Fundi aliyetujengea sisi hakukumbuka kuweka kitu hicho. Kazi yote aliifanya jike. Dume, na mavazi yake ya kumetameta, alishinda kwenye waya wa umeme akiimba, akichoka anagombana na sura yake kwenye kioo cha dirisha.

"Huyo namfahamu," akasema Mama Zuhura bila kunitazama.

Nikatoa amri: kamba isiguswe kwa kama mwezi hivi, wiki mbili za kuatamia na nyingine mbili za kulea. Na utando wa buibui usifagiliwe, maana ndiyo saruji yake. Nguo zikahamia chini ya mwembe, nami nikawa napanda daladala nikinuka uvundo, abiria wanafungua madirisha mvua inanyesha.

Mama mkwe akaja kutoka Pangani. Akaketi, akainua macho darini, akayashusha taratibu.

"Mwanangu anaumwa?"

Nikamweleza habari za ndege. Akaitikia kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa kali, kisha akaomba ufagio. Sasa, mkweo utamnyang'anya ufagio? Nilisimama pembeni nikitabasamu huku saruji ya watu ikishuka vipande vipande.

Kilichonitoa jasho zaidi ni kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Taka hazijaisha, ila wao wamekwisha kuhamia kwenye makinda ya wenzao. Kila alipotua mmoja, nilitoka na sufuria nikiigonga kwa mwiko. Alfajiri moja jirani akatoka mbio na rungu.

"Yuko wapi?"

"Ameruka."

"Ukuta mrefu namna hii?"

Tangu siku hiyo vijana wa mtaani wananiamkia, "Shikamoo, mzee wa ndege."

Makinda walikuwa wawili, na wote wakaruka salama. Mama Zuhura alianika kanga zake kabla sijamaliza kushangilia.

Juzi mama mkwe akapiga simu. Mbayuwayu wamekandika kiota cha tope juu ya mlango wake, kila mgeni anaingia na chapa begani. Nikamshauri asikibomoe, apigilie ubao chini yake wa kupokea uchafu.

"Ubao nimeshapigilia," akajibu. "Nauliza ile sufuria. Unagonga ubavuni au kitakoni?"