Pa Kula Dar es Salaam, Nje ya Posta na Masaki

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na walio wengi hawalali Posta wala Masaki. Wanalala Mbagala, Tabata, Kimara, Gongo la Mboto, Tegeta, Buguruni na Kigamboni, na huko ndiko wanakokula. Sehemu ya kula ya huko mara nyingi haina jina ukutani. Yenye jina, mara nyingi jina ni la mpangaji aliyetangulia, aliyekuwa akiuza simu. Menyu, pale inapokuwepo, ni orodha ya vyakula ambavyo mwenye biashara angependa siku moja kuvipika. Kwa hiyo anayetafuta chakula pembezoni mwa jiji hili haanzi kwa kuuliza ni wapi. Anaanza kwa kuangalia saa.

Hata hivyo lazima afike. Vituo vya daladala vinaitwa kwa miti, kwa watu na kwa vituo vya mafuta: Mwembe Chai, Mwembeyanga, Kwa Aziz Ali, Buguruni Sheli. Aliyeelekezwa "shuka Sheli, uliza kwa mama wa supu" atashuka kwenye sheli kweli, lakini si hiyo. Akiuliza mama wa supu ataonyeshwa watatu, wote wana supu na wote ni mama. Asirudi nyuma. Akae kwa yule mwenye watu wengi zaidi.

Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ni zamu ya supu: ya ng'ombe, ya mbuzi, ya utumbo, ya makongoro. Huliwa kwa chapati, ndimu na pilipili, tena huliwa haraka, kwa sababu nusu ya walaji wana daladala ya kuwahi na nusu nyingine wana usiku wa jana wa kuusahau. Saa moja supu ni supu. Saa tatu sufuria lile lile limeshaongezwa maji, na ikifika saa nne mlaji anapewa bakuli la maji ya moto yenye kumbukumbu ya mbuzi. Chapati iliyobaki saa hiyo haichaniki kwa mkono mmoja.

Samani ya supu ni benchi la mbao, na benchi lina kanuni isiyoandikwa: aliyekaa mwisho hainuki bila kumtazama aliyekaa mwisho wa pili. Kanuni hii huvunjwa kila asubuhi. Jamaa mnene anamaliza, analipa, anainuka kwa furaha ya kushiba. Upande wa pili unashuka ghafla, na kijana mwembamba aliyepiga pasi suruali yake kwa ajili ya usaili wa kazi anapokea bakuli zima mapajani. Pole hutolewa na kila mtu. Suruali haitolewi na yeyote.

Asiyependa supu ana chai ya rangi yenye tangawizi, na pembeni yake vitumbua, maandazi, bagia na mihogo ya kukaanga. Hapa hakuna mengi ya kueleza. Kitumbua kilichotoka motoni hakina mpinzani, na cha saa tano kinatosha kulainisha bawaba za mlango.

Mchana ni wa mama ntilie, na hapo ndipo jiji linapolishwa hasa. Mama ntilie hukaa palipo na kazi: karibu na gereji, saiti ya ujenzi, stendi, karakana za maseremala. Njia ya kuaminika ya kumchagua ni kuwafuata mafundi. Fundi gereji ana njaa ya kweli na muda mfupi. Hawezi kwenda mbali na hadanganywi mara mbili. Palipo na pikipiki tano za bodaboda zilizoegeshwa vibaya, wali wa hapo ni mzuri. Kuwafuata watu wa ofisini ni kosa la wageni wengi, maana wao hufuata kivuli na feni.

Chakula kimo kwenye masufuria na mahotpoti yaliyofunikwa, na menyu imo mdomoni mwa binti anayehudumu. Huitaja yote kwa pumzi moja: "Kuna wali, ugali, ndizi nyama, kuna maharage, samaki, kuku, dagaa, kisamvu." Mgeni huomba irudiwe. Ikirudiwa, kuku hayumo.

"Anti, si umesema kuna kuku?"

"Alikuwepo, kaka."

Samaki naye hufika saa saba kwa shida. Baada ya saa nane kinachobaki ni maharage, nayo hayajawahi kumwangusha mtu. Ijumaa ni siku ya pilau, na siku hiyo mwenye kuchelewa asitegemee huruma.

Kinachowashangaza wageni ni jinsi sahani ya bei ndogo inavyojaa. Mwenye kuagiza wali maharage huletewa pia mchicha au matembele, kachumbari kidogo, na kipande cha tikiti au ndizi mbivu pembeni, kimelowa mchuzi. Nyongeza ina sheria zake: mchuzi huongezwa bure, wali huongezwa kwa pesa, nyama haiongezwi. Hapo ndipo ufundi wa mlaji mzoefu unapoonekana. Anaagiza wali maharage, anasubiri sahani ijae, kisha anasema kwa sauti ya upole, "Mama, nidondoshee na mchuzi wa nyama." Upawa unashuka sufuriani, unapanda, na ndani yake kipande cha nyama kimeingia kwa bahati mbaya. Mlaji amekiona. Mama pia amekiona, ingawa anaongea na jirani yake habari za kikoba na wala hatazami sufuria. Upawa unatikiswa kidogo, kipande kinarudi kilikotoka, na mchuzi mtupu unamwagika juu ya wali. Mazungumzo ya kikoba hayakukatika.

Kulipa kuna ajali zake. Bei za mama ntilie zimezoea jero na buku, na hatari iko kwenye noti ya shilingi 10,000. Anayeitoa saa saba mchana, wakati wa foleni, huambiwa asubiri, na noti inaondoka na mtoto kwenda kutafuta chenji: kwanza kwa Mangi dukani, halafu kwa muuza vocha, halafu kusikojulikana. Mlaji amebaki ameshiba, hana noti, hana chenji, na nafasi yake kwenye benchi inahitajika. Kulipa kwa simu kumepunguza safari hizo na kuleta tatizo jingine. Mteja anasema ametuma, mama anasema kwake hakijafika kitu, na foleni nzima inasikia jina kamili la mpokeaji likisomwa kwa sauti kutoka kwenye skrini ili kuhakiki. Mtaa uliomjua miaka yote kwa jina la Mama Zuhura unagundua leo kwamba ana majina matatu na la kwanza ni la mwanamume. Laini ilisajiliwa na mume.

Kibandani kunaweza kuwa na maandishi ukutani: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Hayamzuii mtu. Daftari la madeni liko pale pale, chini ya hotpoti ya wali, na kurasa zake zimeshikana kwa mchuzi. Kuna wanaoamini mchuzi huo ulimwagwa makusudi na mmoja wa wadaiwa.

Saa kumi alasiri mama ntilie anaosha masufuria, na pengo linalofuata huzibwa na kahawa. Muuzaji ana birika juu ya mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata. Kahawa hii haishibishi na haijawahi kuahidi kushibisha. Hunywewa pamoja na habari za Simba na Yanga. Mwenye njaa asikae hapo.

Giza likiingia, zamu ni ya chipsi. Kibanda cha chipsi hutambulika kwa kabati la kioo lenye taa ndani, ambamo mapaja ya kuku hukaa jioni nzima yakiwatazama wapita njia. Agizo maarufu ni chipsi mayai, ambazo vijana huziita zege. Mayai hupigwa kwenye kikombe cha plastiki, humwagwa juu ya chipsi ndani ya kikaango, kisha yote hugeuzwa kwa kufunikwa sahani. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, ikishaanza. Tatizo ni kujua kama imeanza. Mpishi wa chipsi akiulizwa, hujibu "tayari, bosi" hata kama viazi bado vina maganda. Jibu hilo lisichukuliwe kuwa uongo. Ni salamu.

Mezani huwekwa chupa mbili za plastiki, zote nyekundu, zote zimefutika maandishi. Moja ni ya nyanya na nyingine ya pilipili, na kuzitofautisha kwa macho haiwezekani. Tundu la chupa ya nyanya huwa limeziba. Mlaji anabana kidogo, haitoki. Anabana zaidi, haitoki. Anabana kwa mikono miwili, nayo inatoka yote kwa pamoja, kwa ubavuni, hadi kwenye shati la mtu wa meza ya pili aliyekuja kusubiri bajaji tu. Chupa ya pilipili haijawahi kuziba. Mwenye tahadhari hudondosha tone moja kwenye chipsi ya pembeni, anaonja, ndipo anaamua. Asiye na tahadhari hutambulika kwa kuomba maji mara tatu bila kutaja jina la mtu yeyote.

Wa kuchukua wana shida nyingine. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyozoeleka kwa jina la rambo, imepigwa marufuku nchini. Chipsi za kwenda nazo nyumbani hufungwa kwenye foili au boksi la karatasi, na mafuta hupenya. Anayepanda bodaboda akiwa amezipakata, kufika Kinyerezi bila doa ni bahati.

Usiku ukikolea, mishkaki inaanza kupeperusha moshi. Hesabu yake hufanywa kwa vijiti: mlaji anakula, vijiti vinabaki kwenye sahani, mwisho vinahesabiwa. Mfumo huu ni mzuri mradi wasikae wanne kwenye meza moja. Wakikaa wanne, vijiti huwa vingi kuliko kumbukumbu za wote, kila mmoja hukumbuka alikula miwili, na kuna kimoja chini ya meza ambacho hakuna anayekijua. Kila mtu aombe sahani yake.

Karibu na mwenye mishkaki huweza kupatikana muuza pweza. Vipande viko kwenye sinia vikiwa vimechomekwa vijiti vya meno, na supu yake hunywewa kwenye kikombe, na pilipili na ndimu. Wateja karibu wote ni wanaume, na inaaminika kuwa supu hiyo inaongeza nguvu za kiume. Akiulizwa, kila mmoja ana mafua. Kwa hesabu za vijiweni, mafua ya Alhamisi usiku yangeshatangazwa kuwa janga la taifa.

Wenye muda huenda baa. Huko Sinza, Tabata na Kimara kuna nyama choma ya mbuzi na kuna kitimoto. Hakuna anayeagiza nguruwe. Wanaagiza kitimoto, au mdudu, au mkuu wa meza. Hupimwa kwa kilo au nusu kilo, hukaangwa kavu au huwa rosti, huja na ndizi za kukaanga, na husubiriwa muda mrefu. Kosa la wengi ni kufika na njaa. Mwenye njaa huagiza nusu kilo, anasubiri, anaongeza nusu kwa hasira, na vyote viwili vinafika wakati ameshajaa soda. Jiko la kitimoto mara nyingi hutengwa na jiko la mbuzi, kwa heshima ya wasiokula. Kwa kuwa limetengwa, ndiko mtu anakokutana na asiowatarajia. Adabu ya mahali pale ni kusalimiana kwa kichwa na kutoulizana.

Majira ya mvua hubadilisha mambo. Kwenye masika, kati ya Machi na Mei, sehemu nyingi za kula hufunikwa turubai, na turubai hukusanya maji katikati hadi linaning'inia juu ya vichwa vya walaji. Mwenye kibanda hulisukuma kwa mpini wa fagio ili maji yamwagike nje. Mahali yatakapomwagikia hapajulikani, lakini kuna mtu amekaa hapo. Umeme ukikatika, madhara ni madogo, kwa sababu mkaa hauna habari na umeme. Chakula kinaendelea kwa mwanga wa tochi za simu, na ni vyema kila mlaji ashike sahani yake kwa mkono mmoja.

Ratiba hii yote huvurugika mwezi wa Ramadhani. Kwenye mitaa yenye Waislamu wengi, mama ntilie wengi hufunga biashara mchana au hukaa nyuma ya pazia la kanga, na biashara huhamia saa kumi na moja jioni. Hapo barabara hujaa meza za futari: mihogo na ndizi za nazi, tambi, kunde, uji wa pilipili manga, kaimati. Ni wakati mzuri kuliko wote wa kula Dar es Salaam kwa pesa kidogo, na foleni hukatwa na adhana. Asiyefunga atapata chakula cha mchana stendi na kwenye baa. Aende mapema, kwani masufuria ya mchana mwezi huo huwa madogo.